Huzuni Alipovua Buti

Hällviken, 17 Januari 1971

Kwa Ingalill mpenzi,

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na saba Januari, na ninaapa kwamba katika barua hii nitakuambia kila kitu, bila kuficha wala kupamba, kama tulivyokubaliana pale kituoni treni yenu ilipokuwa inakaribia. Nawe uliapa. Kadi yako yenye picha ya kasri nimeipata. Imeandikwa, "Tumefika, ghorofa ya nne, lifti inalia kama paka." Nimeichukulia kuwa salamu. Barua bado ninaidai.

Huku bahari imeganda hadi visiwani. Darasani bado nakaa kwenye dawati letu la dirishani. Upande wako nimeweka mkoba wangu, na mtu akiuliza kama pana nafasi, nasema mkoba ni mzito.

Alhamisi Mwalimu Nordenmark alianza tena jioni zake za filamu ukumbini. Safari hii ilikuwa ya mwanamke anayekaa dirishani akimngoja mumewe. Alikaa sana. Watu wetu wakakaa naye, migongo wima, mikono mapajani, kama tulivyofanya majira mawili mazima ya baridi, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana hakuelewa, na kwa sababu kahawa hutolewa baadaye. Hatimaye mlango ukafunguka. Mume akatoka kwenye theluji akapita moja kwa moja mpaka katikati ya sebule. Hapo Mzee Albin, kwa sauti yake ile ya kuwaita watu walio ng'ambo ya maji, akasema, "Viatu, bwana."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mwalimu alilazimika kusimamisha mashine. Hata yeye alikuwa ameuma leso.

Baadaye Bi Edla wa dukani alinimiminia kahawa bila kuniuliza umri wangu. "Ile yenu ndiyo filamu," akasema. "Hizi nyingine ni adhabu ya dhambi ambazo hatujatenda. Mtatuonyesha tena lini?"

"Pasaka," nikasema, kabla sijafikiri. "Ingalill atakuja nayo."

Kwa hiyo sasa kijiji kizima kinangoja, na mimi nimekuwa na furaha tangu Alhamisi. Nataka niiandike hapa filamu yetu *Viazi Havisemi* ilivyokuwa, ili tusije siku moja tukabishana. Kwanza bahari ya kijivu, ndefu kupita kiasi, kwa sababu ulisahau kidole kwenye kitufe cha kamera. Kisha mama yako mezani, amevaa nyeusi, akimenya viazi na kukitazama kila kimoja kana kwamba kimemkosea. Kisha baba yako, daktari wa meno, akiwa mchungaji aliyepoteza imani, anatazama saa ya ukutani isiyokuwa na mishale. Na Mwalimu Nordenmark amesimama kando ya mashine akisoma maneno yetu kwa sauti ileile anayotumia kututambulishia filamu za kweli: "Kiazi. Ewe kiazi. Je, na wewe uko peke yako?" Nilidhani Mzee Albin atapata kiharusi.

Kisha mlango, nami ndiye Huzuni, katika koti la bibi na buti za babu. Tulikuwa tumepanga nipite moja kwa moja na kumwekea mchungaji mkono begani. Lakini nilipokanyaga kizingiti niliona sakafu ya mama yako imesuguliwa na mazulia mapya ya vitambaa yametandikwa, na miguu yangu ikafanya yenyewe ilivyofundishwa tangu utoto. Nikainama. Nikavua buti. Nikazipanga ukutani, pua zikitazama mlango. Ndipo nikaenda kuleta huzuni nikiwa na soksi za kijivu, kidole gumba nje.

Wewe hukuweza kusimamisha kwa sababu utepe ulikuwa mmoja tu, na picha ikatikisika kwa jinsi ulivyokuwa unacheka.

"Huzuni huyu amelelewa vizuri," alisema Mzee Albin, na hapo ukumbi haukutulia tena. Unakumbuka? Watu waliokaa wima majira mawili. Bi Edla alilia mpaka akavua miwani. Wiki ileile mkatutangazia kwamba mnahama, na mimi nikawa sijui niikumbuke wiki hiyo kwa lipi.

Leta filamu Pasaka. Hiyo moja tu, usilete zawadi nyingine.

Wako daima,
Gunnel


Stockholm, 26 Januari 1971

Gunnel wee,

Nisamehe. Barua yako nimeisoma ndani ya lifti nikapitiliza ghorofa yetu.

Shule hii ni kubwa kama bandari, na walimu unawaita kwa jina la kwanza. Nasema kweli. Mwalimu wa chama cha filamu anaitwa Lennart, basi, na ukimwita Mwalimu anageuka nyuma kuangalia nani ameingia. Chama kinakutana chini ya jengo, karibu na mabomba. Nimepelekwa na Yvonne wa ghorofa ya pili. Yvonne anavuta sigara, au anaishika tu, sijajua. Yvonne amesoma vitabu ambavyo hata Mwalimu Nordenmark angeviomba.

Niliwaonyesha *Viazi Havisemi*, nikawasomea maneno mimi mwenyewe. Yvonne alianguka kitini. Kabisa, mpaka sakafuni. Akauliza, "Hilo la buti ni fikra ya nani? Ni fikra ya hali ya juu." Nikasema ni yetu. Lennart akasema ni maoni makali juu ya adabu ya watu wetu mbele ya mateso. Niliitikia kwa kichwa kana kwamba nilijua.

Mwishoni mwa Februari kuna shindano la filamu za shule. Lennart anataka tuiingize yetu, ila ni fupi mno na sehemu ya kuingia inatikisika sana. Yvonne yuko tayari kusaidia. Anaweza kuutazama ukuta mpaka unataka kumwomba ukuta radhi. Halafu ana mifupa ya mashavu, Gunnel, taa ikimpiga kwa upande ni kama kanisa.

Pasaka tutaona. Mama anasema tiketi, baba anasema kazi. Wasalimie wote.

Ingalill


Hällviken, 31 Januari 1971

Mpendwa Ingalill,

Asante kwa barua yako. Nimefurahi kusikia kwamba Yvonne alianguka na natumaini hakuumia.

Nimejitazama mashavu kwenye kioo cha mlangoni kwetu, taa ikiwa upande. Mama alinikuta. "Una jino bovu?" akauliza. Nikasema hapana, natafuta mifupa. Akasema mifupa ipo, ila imefunikwa vizuri, na nimshukuru Mungu.

Kuna jambo moja nataka tuliweke sawa, kwa utulivu. Lile la buti halikuwa fikra. Wewe unajua, mama yako anajua, na kijiji chote kinajua. Lilikuwa miguu yangu. Mtu hawezi kusema "ni yetu" juu ya miguu ya mwenzake. Sisemi hivi kwa sababu nimekasirika. Nasema ili usije ukalisahau huko ambako watu wana maoni makali.

Wala sioni kama kutikisika ni kosa. Kila mtu hapa anajua kwamba ulikuwa unacheka, nasi tulicheka kwa sababu ulicheka.

Mimi pia nina habari. Sina nafasi nyingi ya kuandika siku hizi kwa kuwa nimepata rafiki mpya. Anaitwa Siv. Alifika baada ya mwaka mpya. Huwa tunatembea pamoja mpaka msituni kila siku baada ya shule na tunaelewana sana, hata bila kusema mengi. Kwao kuna farasi. Ungempenda.

Je, Yvonne anaweza kufanya nini kingine, mbali na kuutazama ukuta?

Gunnel


Stockholm, 14 Februari 1971

Gunnel,

Hongera kwa kumpata Siv. Nilikaa na barua yako karibu wiki mbili kwa sababu sikujua niandike nini juu ya Siv. Nilikaa Hällviken tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kuhamia huko baada ya mwaka mpya. Sasa mimi naondoka kidogo tu, na kuna Siv. Farasi wa rangi gani?

Dawati letu anakaa yeye? Hukuandika.

Basi, mambo ya huku. Lennart amepitisha. Tutapiga upya sehemu ya kuingia, kwa kamera ya shule, iliyo na miguu mitatu na haitikisiki. Yvonne atakuwa Huzuni. Atavua buti vilevile, itakuwa karibu zaidi na mwanga utakuwa mzuri. Kisha tutakata sehemu ya zamani kwa mkasi na kubandika mpya mahali pake. Filamu ni hiyo moja, hakuna nakala, kwa hiyo lazima iwe hiyo. Sehemu nyingine zote zinabaki, baba na mama na viazi.

Nilitaka kukuuliza kwanza. Lakini wewe una shughuli nyingi msituni, na nilifikiri hutajali.

Yvonne anasema mtu asiyeweza kukata kitu chake hajawa mtengenezaji wa filamu. Sijui. Labda.

Ingalill


Hällviken, 18 Februari 1971

Kwa Yvonne, ghorofa ya pili,

Hatujuani, na nakuomba radhi kwa kukuandikia bila kutambulishwa. Anwani nimeipata kwa akili: ni jengo lileile, nimebadilisha ghorofa tu. Sijui jina la ukoo wako, kwa hiyo mtu wa posta naye nimemwomba radhi kwenye bahasha.

Mimi ni Gunnel. Ni yule mwenye kidole gumba.

Nimeambiwa wewe ndiye utakuwa Huzuni sasa. Nilikusudia kukuandikia barua ya ukali, na nilishaanza tatu, lakini Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua ya ukali humfurahisha tu anayeiandika. Basi nitakuandikia ya msaada.

Koti lisiwe lako. Liwe la mtu mzima aliyekufa au aliye mnene, ili ulivute. Buti ziwe kubwa, za mpira, na ndani ziwe na theluji halisi, la sivyo zitatoka kwa urahisi mno. Usitazame kamera. Usimtazame mchungaji. Itazame sakafu, na sakafu iwe imesuguliwa na mtu unayemwogopa. Hilo ndilo muhimu. Kama aliyeisugua hayupo chumbani, sijui kama utaweza. Mama yake Ingalill alikuwa mezani na kisu cha viazi mkononi. Ukishavua, usiziache zikilala. Zipange. Pua zitazame mlango, ili mgeni akiondoka asihangaike. Hata Huzuni huondoka siku moja.

Nakutakia kheri, na ninajaribu kumaanisha.

Sasa ombi langu. Mtakapokata, kutakuwa na kipande. Kwenye chama chenu bila shaka kuna kikapu cha taka. Naomba kisitupwe humo. Ni kifupi, kinaingia ndani ya bahasha, na nimeambatanisha stempu. Huku tulikuwa tuionyeshe filamu Pasaka, na watu wananiuliza kila nikienda dukani. Jana Mzee Albin aliniuliza, "Vipi, Huzuni anakuja kwa treni ya lini?" Nilisema sijui. Filamu ikija na mguu wa mtu mwingine ndani yake, sidhani kama nitaweza kwenda ukumbini. Nitasema naumwa. Lakini nikiwa na kipande nitajua kwamba ilitokea.

Usimwambie Ingalill. Au mwambie, kama mnaambiana kila kitu.

Kwa heshima,
Gunnel Westberg


Stockholm, 2 Machi 1971

Gunnel mwenye kidole gumba,

Mtu wa posta alibisha hodi milango yote ya ghorofa ya pili. Mzee wa mlango wa pili sasa ananiita "Bi Yvonne wa Ghorofa ya Pili." Asante sana.

Nikuambie jambo la kwanza. Nilikuwa nakuchukia kabla hata hujaniandikia. Tangu huyu rafiki yako ahamie hapa sijasikia jina jingine. Nikimwonyesha daraja, anasema Gunnel angesema hivi. Nikimpikia mayai, Gunnel huyakoroga vile. Nikamwambia, "Dada, kama Gunnel wako ni mzuri hivyo, mbona hukumfunga kwenye sanduku ukaja naye?" Akanyamaza siku nzima. Mimi sijawahi kuwa na rafiki wa kunyamazia namna hiyo, kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuingia kwenye filamu yako, niliidaka. Usidhani kwamba ni sanaa.

Jambo la pili. Nilifuata maagizo yako yote. Koti la marehemu shangazi yangu. Theluji ndani ya buti, niliipandisha kwa ndoo kwenye lifti. Lennart akawasha taa. Nikaingia, nikatazama sakafu, nikavua, nikapanga. Kimya. Tukarudia. Kimya. Lennart akasema labda mguu wa kushoto uanze. Tukarudia tena, na mabomba tu ndiyo yaliyotoa sauti.

Ingalill alikuwa nyuma ya kamera. Akasema, "Wewe unavua ili tukuone. Yeye alivua ili asionekane." Kisha akatoka nje akaacha kamera inaendelea kuzunguka, na utepe ni wa shule. Lennart alihuzunika kwelikweli, kuliko mtu yeyote kwenye filamu.

Jambo la tatu ni baya. Walikuwa wameshakata. Yaani nilikuwa nimeshakata mimi, siku ile kabla ya kupiga. Ingalill alishika mkasi akasema mkono wake una baridi. Nikauchukua. Nilifanya haraka na nilijivunia.

Filamu imekwenda shindanoni na mimi ndani yake. Hakuna aliyeanguka kitini. Tulipewa karatasi yenye maneno "jitihada nzuri". Sasa imerudi, iko chini ya kitanda cha Ingalill, ndani ya kopo la biskuti.

Kipande hakikwenda kikapuni. Kilikuwa ndani ya mfuko wa miwani ya Ingalill. Nilimwonyesha barua yako, kwa sababu hukukataza vizuri. Aliisoma amesimama. Akanipa mfuko wa miwani, akasema, "Mpelekee. Mimi siwezi kumwandikia, yeye ana Siv." Basi nakupelekea. Nimetumia stempu yako.

Nina swali moja tu, na si langu, ni lake, ila hataki kuuliza: huyo Siv ni nani hasa? Mama yangu, ambaye ndiye aliyewaonyesha akina Ingalill nyumba hii Septemba na kuwasaidia kuandikisha mkataba, anasema mama yake Ingalill alimpa habari ambayo hajawahi kuisikia, ya msichana anayefunga virago vyake miezi mitatu kabla ya safari huku akiomba watu wasimwambie mtu. Sijui kwa nini nakuambia hilo. Nadhani nimechoka kuwa katikati.

Vaa soksi mpya.
Yvonne Ekdahl (sasa unalo jina)


Hällviken, 6 Machi 1971

Ingalill,

Leo ni Jumamosi, tarehe sita Machi, na mara hii nitakuambia kila kitu kweli, kwa sababu safari ile niliapa mwanzoni tu, nikaja kukosa uaminifu barua iliyofuata.

Siv ni farasi.

Mzee Albin alimnunua baada ya mwaka mpya kwa ajili ya kuvuta magogo. Ni wa kahawia, ana doa jeupe puani, na ni kweli tunatembea pamoja mpaka msituni na tunaelewana bila kusema mengi. Niliandika "kwao kuna farasi" nikajiambia kwamba si uongo mtupu. Dawati hajakaa mtu. Mkoba bado ni mzito. Nilikuwa na wivu, Ingalill. Nilikuwa na wivu mpaka nikawa nasikia mashavu ya Yvonne yakitajwa nikiwa kwenye hesabu. Mzee Albin nilimwambia yote zizini, akacheka akamgeukia Siv. "Umesikia, mama? Wewe ndiye mshindani." Siv akampiga mkia.

Kipande kimefika. Nilikishika kwa kingo kama ulivyonifundisha, nikakiinua dirishani. Picha ni ndogo kuliko kucha. Nikaenda kwa babu nikaomba kioo chake cha kukuzia stempu, nikarudi, na nimekuwa hapa dirishani tangu chakula cha mchana. Mama amepita mara kadhaa. Safari hii hakuuliza kuhusu jino.

Ninajiona nikiingia. Ninajiona nikitazama sakafu. Kisha ninainama kuzipanga buti, na nikiinama, kioo cha ukutani kwenu kinabaki wazi nyuma yangu. Kile chenye fremu nyeupe ambacho mama yako hutazamia kofia. Ukumbini hakuna aliyekiona, maana wote tulikuwa tunatazama kidole changu, nami nilikuwa natazama watu.

Ndani ya kioo uko wewe. Kamera haiko jichoni. Umeishusha kifuani, bado inazunguka, ndiyo maana picha inatikisika. Mkono mwingine umefunika uso.

Tulisema siku zote kwamba ulikuwa unacheka. Mimi ndiye niliyeanza kusema hivyo, na kijiji kikafuata, na wewe hukukanusha. Inawezekana kabisa. Watu wakicheka sana hufunika uso, na Bi Edla alifunika wake pamoja na miwani.

Lakini Yvonne ameniandikia kwamba nyumba ya Stockholm iliandikishwa Septemba. Sisi tulipiga filamu Oktoba, ile Jumamosi ya theluji ya kwanza. Mlitutangazia wiki ya maonyesho, mwisho wa Novemba. Basi siku nilipoingia mlangoni kwenu na koti la bibi, kama mzaha, wewe ulikuwa umeshafunga sehemu ya virago vyako.

Nimeiweka chini kalamu nikaenda zizini nikarudi. Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika, kwa sababu nimekuwa na mazoezi majira yote haya. Nilikuwa nafikiri tu kwamba nilikuja na buti za babu kuwaletea Huzuni nikidhani ni mchezo, kumbe huzuni yenyewe ilikuwa ndani tayari imekaa, imevua viatu, na inashika kamera.

Kipande sikioni kuwa changu tena. Ni cha wote wawili, na Yvonne anaweza kusema kwamba mkasi ni wake. Kinarudi mahali pake kwa ukanda wa kubandikia, Mwalimu Nordenmark anao na amesema atanifundisha, mradi niahidi kumwachia asome tena yale maneno ya kiazi. Amekuwa akiyafanyia mazoezi jikoni kwake. Bi Edla amesikia kupitia ukuta.

Kwa hiyo njoo Pasaka na kopo la biskuti. Kama baba yako ana kazi, njoo peke yako. Kama ni tiketi, Mzee Albin anasema gari la posta linashuka kusini na kurudi kila wiki na dereva wake ni mpwa wake. Mlete na Yvonne ikiwa anataka kuona jinsi Huzuni anavyoingia kwenye nyumba yenye sakafu iliyosuguliwa. Nitamwazima soksi. Atalala karibu na jiko, lakini dawatini hatakaa, hilo nakuambia mapema.

Ila kabla ya hayo yote nataka jibu la jambo moja, kwa posta ya kwanza itakayoondoka huko, na usiniandikie habari za lifti wala za Lennart. Liandike peke yake kwenye karatasi kama utaona ni gumu. Sitamwonyesha mtu, hata Siv.

Pale kwenye kioo, Ingalill, nilipokuwa nimeinama nikizipanga buti: ulikuwa unacheka?

Gunnel wako